Barua ya wazi kwa Wakuu wa Wilaya za Karagwe na Kyerwa: usiku wa mvua, nani anafunga njia?

Waheshimiwa Wakuu wa Wilaya,

Nawaandikia wakati vumbi bado linatimka kati ya Omurushaka na Murongo, na makorongo yetu yanavukika kwa viatu vya kawaida. Nimeuchagua wakati huu makusudi. Mvua za vuli zikishashika, barua ya namna hii huonekana kama lawama; ikija baada ya msiba, huonekana kama mtu anajitafutia jina. Leo bado ni ombi, na muda wa kulifanyia kazi upo.

Nawaandikia nyote wawili kwa pamoja kwa sababu Kyerwa ilipomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, ofisi ziligawanywa lakini milima ilibaki palepale. Maji hayana habari ya mpaka wa wilaya. Dereva anayetoka Kayanga kwenda Isingiro naye hana habari nao. Anachotaka kujua ni kama mbele kunapitika. Naomba nakala iwafikie TANROADS na TARURA, watendaji wa kata, wenyeviti wa vijiji, viongozi wa vijiwe vya bodaboda, na wenye michomoko (magari madogo ya abiria) na malori yanayoshusha kahawa, maharage na ndizi zetu.

Ombi langu ni moja. Kila kata yenye miteremko mikali iwe na watu watatu au wanne wanaojulikana kwa majina, ambao ninyi mmewapa kwa maandishi mamlaka ya kufunga kipande cha njia na kuzitoa kaya zilizo hatarini usiku uleule mvua inaponyesha, bila kungoja simu ipande hadi makao makuu ya wilaya na kurudi. Mengine yote nitakayoandika hapa ni maelezo ya ombi hilo.

Alfajiri ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, Mlima Hanang ulishusha tope juu ya mji wa Katesh na vijiji vya jirani. Wataalamu wa serikali walieleza baadaye kwamba haikuwa volkano wala tetemeko la ardhi. Sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji ya mvua hadi ikazidiwa, ikameguka, ikageuka tope, na tope likaifuata njia ya mto likikusanya mawe na miti hadi sokoni na majumbani. Watu 89 walipoteza maisha. Rais Samia, aliyekuwa Dubai kwenye mkutano wa tabianchi, aliikatiza safari akarudi. Jeshi lilikuja, misaada ilikuja, nyumba mpya zilijengwa kwa ajili ya waathirika. Serikali haikulala baada ya tukio. Mimi ninazungumzia saa zilizotangulia tukio, mvua ikinyesha gizani, mlima ukijaa maji, na hakuna mtu ambaye kazi yake ilikuwa kupita nyumba kwa nyumba akisema: tokeni, twendeni.

Tena wengi waliokufa Katesh hawakuwa wakaazi wa mlimani. Walikuwa chini, tambarare, kwenye mdomo wa korongo. Nayasema haya kwa sababu kwetu mtu akiulizwa kuhusu hatari ya mteremko hujibu, “Mimi niko bondeni, mlima uko mbali.” Tope haliulizi umejenga wapi, linafuata njia ambayo maji yamekuwa yakiitumia tangu zamani, na mara nyingi njia hiyo imepimwa viwanja kwa sababu ni tambarare na ina udongo mzuri.

Najua jibu litakalokuja haraka: Karagwe si Hanang. Ni kweli. Hanang ni mlima mmoja wa volkano wenye zaidi ya mita 3,400, umesimama peke yake. Sisi tuna migongo mirefu inayofuatana, mabonde katikati, na kilele cha juu hakifiki hata karibu na hapo. Lakini tazameni migongo hiyo ilivyojengeka. Juu kuna mwamba mgumu wa kwatzaiti, ule mweupe unaong'aa jua likipiga, na ubavuni kuna miamba laini ya matabaka iliyooza ikawa udongo mwekundu, mzito, unaoteleza ukilowa. Wanajiolojia wameuita mkanda huu wa miamba kwa jina letu na la majirani zetu, Karagwe-Ankole, na wanaufuatilia hadi Uganda, Rwanda na Burundi.

Basi tutazame kwa majirani. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, mvua moja iliangusha miteremko na kufurisha mito magharibi na kaskazini mwa Rwanda. Watu zaidi ya 130 walikufa, wengi wakiwa vitandani. Jioni ya tarehe 4 Mei, huko Kalehe, Kivu Kusini nchini Kongo, maji na tope vilizoa vijiji vya Bushushu na Nyamukubi. Huko Nyamukubi ilikuwa siku ya gulio. Waliokufa walizidi 400. Milima ya kule ni mirefu na mikali kuliko ya kwetu, silikatai, lakini kilichoiangusha tunacho na sisi: mvua juu ya udongo ulioshiba, na watu waliojenga penye njia ya maji. Wala si mbali kama tunavyojidanganya. Msafiri Mwingereza Speke alipokuwa mgeni wa Mfalme Rumanyika mwishoni mwa 1861, aliviona vilele vya Mfumbiro, yaani volkano za Virunga mpakani mwa Rwanda na Kongo, kwa macho yake akiwa papa hapa Karagwe.

Kwetu kinachoonekana zaidi ni vidogovidogo. Ukingo wa barabara uliochongwa unamwagika. Kalavati linaziba, maji yanapita juu ya tuta na kulila. Ukuta wa nyuma wa nyumba iliyochimbiwa kilimani unasukumwa na udongo. Kwa sababu ni vidogo, greda hupita asubuhi, njia inafunguka, tunasahau. Nadhani hapo ndipo tunapokosea. Ukingo uliomwagika ni taarifa ambayo mteremko umetoa wenyewe, bure, kwamba umeshiba maji.

Kuna jambo moja ambalo ningependa kila dereva na kila mzazi wa Karagwe na Kyerwa alijue, maana linapingana na mazoea yetu. Hatari haiishi mvua inapokatika. Maji ya mvua kubwa hushuka ndani ya udongo polepole. Yanajaza vitundu, yanaongeza uzito, yanasukuma chembe za udongo ziachane, hadi yanapofika kwenye tabaka gumu lisilopitisha maji na kulifanya liteleze. Safari hiyo ya maji huchukua saa nyingi, pengine siku nzima au zaidi. Kwa hiyo mteremko unaweza kusimama imara wakati wa radi na ngurumo, ukaja kuanguka kesho yake mchana, jua likiwaka, watoto wakiwa njiani kutoka shule. Nasi desturi yetu ni ipi? Mvua ikinyesha tunajibanza vibarazani. Ikikatika, wote tunatoka kwa pamoja kufidia muda uliopotea. Tunajaa barabarani wakati ambao si salama hata kidogo.

Wenzetu wa nchi za theluji walishaligundua hili, na naomba mniruhusu niwapeleke huko kwa muda mfupi. Theluji nyingi ikianguka siku mbili tatu mfululizo, tabaka jipya hulala juu ya la zamani bila kushikana nalo vizuri. Kwenye mteremko wa nyuzi 30 hadi 45 hukaa hapo kwa kuvizia. Anapopita mtu mmoja, uzito wake unatosha kulikata, na kilima kizima kinashuka. Wengi wa wanaofukiwa wakiwa matembezini ndio wenyewe au wenzao walioyaangusha maporomoko hayo. Wapandaji wazoefu hawatoki siku ya kwanza baada ya theluji kubwa, hata anga likiwa la buluu. Husubiri mlima utulie. Wakilazimika kuvuka mahali pabaya, huvuka mmoja mmoja, wengine wakibaki mahali salama wakimtazama, ili likitokea la kutokea wawepo wa kuokoa. Na aliyefukiwa hana muda: nafasi yake ya kupona ni kubwa katika dakika 10 hadi 15 za kwanza, kisha inaporomoka. Mwokoaji wa kweli ni yule aliyekuwa naye. Gari la uokoaji kutoka mjini hukuta mambo yameshakwisha.

Uswisi ina taasisi ya utafiti wa theluji mjini Davos, na majira ya baridi hutoa taarifa ya hatari kila siku. Tangu 1993 nchi za Ulaya zimekubaliana ngazi 5 za hatari, ili Mfaransa, Mwitalia na Mwaustria wakisema tatu wawe wanasema jambo lilelile. Ni kazi nzuri ya kitaalamu. Lakini mimi kilichonivutia zaidi ni jambo dogo la vijijini. Katika jimbo la Tirol, Austria, halmashauri za milimani zina kamati zao za maporomoko ya theluji. Wajumbe si maprofesa. Ni wakulima, waongoza wapandaji, watu wa barabara, watu waliokiangalia kilima kilekile tangu utoto wao. Wamepewa mafunzo, wanaisoma taarifa ya kitaalamu, kisha wanatoka nje kutazama kilima chao chenyewe. Wakimwambia meya barabara ifungwe, inafungwa. Siku nyingi inafungwa na hakuna kinachoanguka, na maisha yanaendelea, hakuna anayewacheka.

Wala sisemi wenzetu hawapatwi. Tarehe 23 Februari 1999 maporomoko yaliua watu 31 katika kijiji cha Galtür, hukohuko Tirol, yakafika hadi sehemu ambazo ramani za hatari zilizihesabu kuwa salama. Walizichora upya, wakajenga kuta, wakaongeza uangalizi. Na kwa wale watakaosema theluji si udongo, Hong Kong ilipoteza watu 138 kwa maporomoko mawili ya udongo siku moja, tarehe 18 Juni 1972, Sau Mau Ping na Po Shan. Kuanzia 1977 mji ule hutangaza tahadhari ya maporomoko kwa kupima mvua iliyokwisha kunyesha pamoja na inayotarajiwa. Kipimo cha mvua na redio: ndivyo walivyoanza.

Sasa turudi nyumbani. Mamlaka ya Hali ya Hewa inafanya kazi yake. Tunapata utabiri wa siku tano, tunapata angalizo, tahadhari, na pale hali inapotisha, tahadhari kubwa. Lakini taarifa hiyo inataja mkoa, au mikoa ya Ziwa Victoria kwa jumla. Haiwezi kujua kwamba jana Kaisho ilinyesha usiku kucha na Nyaishozi hapakudondoka tone. Haiwezi kujua kwamba juu ya njia ya kwenda shule fulani pana ufa mpya wenye upana wa kiganja. Kati ya Dodoma na kibanja changu kuna pengo, na hilo si la Mamlaka kuliziba. Ni la kwetu.

Sheria ya Usimamizi wa Maafa Namba 6 ya mwaka 2022 imeweka kamati za maafa zinazoteremka hadi ngazi za chini. Kwa hiyo siombi chombo kipya wala posho mpya. Naomba kamati hizo, katika kata zenye miteremko, zipewe kazi mahususi ya kuangalia vilima, na waingizwe humo watu wanaofaa kwa kazi hiyo: mzee anayejua chemchemi zote za ubavu wa mlima, dereva wa bodaboda anayepita huko mara nne kwa siku, mwalimu anayeweza kusoma kipimo cha mvua kila asubuhi bila kuruka siku, mama anayechota maji kwenye kijito kilekile. Huyu wa mwisho naomba asiachwe. Maji ya chemchemi yakibadilika rangi kuwa ya tope ghafla, au kijito kikipungua ghafla wakati mvua ingali inanyesha, yeye ndiye atakayejua kabla ya yeyote. Na kijito kinachopungua wakati wa mvua ni dalili mbaya sana: huenda huko juu udongo umekiziba, na kizuizi kikipasuka maji yatakuja yote kwa mkupuo.

Vipimo vya mvua viwekwe kwenye shule na zahanati. Rekodi zianze sasa. Baada ya misimu miwili mitatu tutajua, kwa hesabu zetu wenyewe, ni mvua kiasi gani kwa siku ngapi huanza kumwaga kingo za barabara zetu. Kabla ya kufika huko, kamati iamue kwa macho na kwa busara, na mtuahidi kuwa itakayofunga njia bure haitaitwa kujieleza. Ahadi hiyo ni kubwa kuliko vipimo. Mtendaji anayejua kwamba akifunga na mlima usianguke atagombezwa, hatafunga kamwe.

Kufunga njia wakati wa mvua si jambo la kigeni kwa Mtanzania. Barabara nyingi za vumbi nchini zimewahi kuwa na kizuizi cha mvua, gogo likilazwa njiani ili malori yenye shehena yasiichimbe barabara ingali laini. Tuliweza kuilinda barabara dhidi ya watu. Sioni kwa nini tushindwe kuwalinda watu dhidi ya barabara.

Ugumu uko kwa wasafiri wenyewe, na hapa sitaki tuwaongelee kana kwamba ni wakaidi. Watu wa kwetu hawasafiri mvuani kwa kujifurahisha. Kuna mgonjwa anayepelekwa hospitali ya Nyakahanga. Kuna mama ambaye uchungu umemshika saa nane usiku. Kuna maiti iliyotoka Dar es Salaam, basi limechelewa, na ndugu wanataka ifike nyumbani kabla hapajakucha. Kuna gulio. Kuna mwanafunzi anayerudi bwenini na mlango wa shule unafungwa kesho. Ikifika Novemba kuna senene pia: vijana wanakesha juu ya migongo ya milima na taa zao, katika mwezi uleule wenye mvua nyingi, na asubuhi wanashuka na magunia wakiwa na usingizi. Amri isiyozijua safari hizi itavunjwa siku ya kwanza.

Kwa hiyo kufunga kuambatane na njia mbadala iliyotajwa mapema, hata kama ni ndefu. Gari la wagonjwa lijue kuanzia sasa litazungukia wapi kama kipande fulani kimefungwa. Misiba ihubiriwe makanisani na misikitini: marehemu anaweza kusubiri hadi saa tatu asubuhi, walio hai wasimfuate usiku. Nina imani KKKT Dayosisi ya Karagwe, Jimbo Katoliki la Kayanga na mashehe wetu wakilisema hilo kwa sauti moja litasikika kuliko tangazo lolote la serikali.

Kuhusu bodaboda nitasema waziwazi. Kijana aliye kwenye mkataba anadaiwa hesabu kila jioni, mvua iwe imenyesha au haikunyesha. Ukimfungia njia bila kumfungulia hesabu, atapita porini, tena na abiria wawili. Naomba mkutane na wamiliki wa pikipiki na michomoko kabla ya mvua, wakubaliane kwamba siku ambayo kamati imefunga njia, hesabu ya siku hiyo inasogezwa mbele na wala haihesabiwi kuwa deni la uzembe. Haitawagharimu wamiliki kiasi kikubwa. Pikipiki iliyofukiwa inagharimu zaidi.

Pale ambapo njia haijafungwa lakini hali ni ya mashaka, kuna adabu ndogo za safari ambazo zinaweza kufundishwa kijiweni kwa nusu saa. Usisimamishe gari chini ya ukingo uliochongwa, hata kwa kupiga picha, na hasa kwa kupiga picha. Ukikuta udongo umemwagika njiani, usikimbilie kupita pembeni yake. Ulioanguka huenda ni utangulizi. Abiria washuke, wavuke mmoja mmoja kwa miguu, mtu mmoja akiwa amesimama pembeni akitazama juu. Maji yakipita juu ya kalavati, huwezi kujua kama chini bado kuna barabara, subiri. Miti au migomba iliyoinama upande mmoja ghafla, nguzo za umeme zilizolala, nyufa zinazofuata umbo la mlima, hizo ni alama za kurudi ulikotoka. Na kama udongo umemfukia mtu, kabla ya kurukia majembe mtoe mmoja wenu asimame akiangalia kilima, maana mara nyingi unakuja wa pili. Pigeni 114 kwa Zimamoto, lakini chimbeni. Gari la uokoaji lina safari ndefu hadi kwenye vijiji vyetu vya pembezoni, na njia linayoijia ndiyo hiyo iliyokatika.

Niguse makazi kidogo, ingawa najua hilo lina siasa zake. Tunachonga kilima ili kupata uwanja wa nyumba, tunaacha ukuta wa udongo umesimama wima nyuma ya dirisha la chumba cha watoto. Tunadhani kibanja kitaushika. Migomba na matandazo yake ni kinga nzuri dhidi ya mmomonyoko wa juu, na babu zetu walijua walichokuwa wakifanya, lakini mizizi ya mgomba ni mifupi. Haifiki kwenye tabaka linaloteleza. Hata makinga maji tunayohimizwa kuchimba yanahitaji akili: kwenye mteremko wa kawaida yanaokoa udongo, ila yakichimbwa juu ya nyumba kwenye mteremko mkali yanaweza kuyatuamisha maji mahali ambapo tulitaka yaondoke haraka. Maofisa ugani waliangalie hilo kabla ya kutoa maelekezo yaleyale kwa kila kijiji. Na wachimbaji wadogo wa bati huko Kyerwa, wanaotoboa ubavu wa kilima na kurundika kifusi ukingoni mwa korongo, wapewe siku za kutoingia mashimoni, kwa utaratibu uleule wa njia.

Halafu kuna mahali pa kukimbilia. Tarehe 1 Machi 2010, huko Bududa, mashariki mwa Uganda, mlima uliposhuka juu ya kijiji cha Nametsi, miongoni mwa waliofukiwa walikuwamo watu waliojikinga mvua kwenye kituo cha afya. Walikimbilia jengo imara la umma, kama ambavyo wewe na mimi tungefanya. Jengo lilikuwa mahali pabaya. Kwa hiyo kabla hatujawaambia watu wakimbilie shule au kanisa, naomba muwaite wataalamu wa Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini kutoka Dodoma, watembee kata kwa kata, waseme ni shule ipi iko kwenye mgongo salama na ipi iko kwenye mdomo wa korongo. Wiki chache za kazi zinatosha kwa kuanzia. Kagera tulishaona tarehe 10 Septemba 2016, tetemeko lilipotikisa mkoa, jinsi majengo tuliyoyaamini yalivyopasuka kwa sekunde chache. Na ardhi iliyotikiswa si ile ya kabla ya kutikiswa.

Funguo za jengo litakaloteuliwa zikae kwa nani? Swali linaweza kuonekana dogo mno kwa barua ya wazi kwa Wakuu wa Wilaya. Lakini saa tisa usiku, mvua ikipiga mabati, mwalimu mkuu akiwa anakaa kijiji cha pili, hilo ndilo swali pekee. Naomba funguo ziwe mbili, na moja iwe kwa mjumbe wa kamati anayelala karibu.

Redio tunazo. Fadeco na Redio Karagwe zinasikika vijijini, na Radio Kwizera ya Ngara, iliyoanza mwaka 1995 kwa ajili ya wakimbizi, inajua vizuri kazi ya kutangaza taarifa zinazookoa maisha. Kila jioni ya msimu wa mvua, baada ya taarifa ya habari, zisomwe dakika mbili tu: kata gani imenyesha kiasi gani, njia ipi imefungwa, ipi inapitika kwa tahadhari, itafunguliwa lini. Kwa Kiswahili, kisha kwa Kinyambo. Isomwe hata siku ambayo hakuna kilichofungwa, ili watu wazoee kusikiliza. Tangazo linalokuja siku za balaa tu humkuta msikilizaji amezima redio.

Gharama nimezifikiria kwa kadiri ya uwezo wangu wa raia wa kawaida. Vipimo vya mvua, tochi, filimbi, makoti ya mvua, vibao vya njia, muda wa maongezi kwenye simu za wajumbe. Halmashauri zetu mbili hukusanya ushuru wa mazao kila msimu, na mazao hayo hayo hupita kwenye miteremko hii yakienda Bukoba, Mwanza na Murongo mpakani. Chama kikuu cha ushirika, KDCU, na vyama vya msingi vina sababu ya kibiashara ya kuchangia, maana kahawa iliyokwama njiani wiki nzima haimfaidii mkulima wala chama.

Waheshimiwa, naomba mambo yafuatayo yatokee kabla ya mwisho wa Septemba: mkutano mmoja wa pamoja wa kamati zenu mbili za maafa, ufanyike Omurushaka ambako wa pande zote hufika kwa urahisi; orodha ya kata zenye miteremko mikali isomwe hadharani; majina ya wajumbe yabandikwe kwenye mbao za matangazo za kata pamoja na namba zao za simu; na barua za mamlaka ziwe zimeshasainiwa na kugongwa mihuri. Mkiona ombi hili halitekelezeki, naomba mtueleze ni kipengele kipi kinachozuia, sheria, fedha au hofu, ili na sisi wananchi tujue tushike wapi. Jibu lenu likisomwa kwenye redio litatufikia hata sisi tusiofika ofisini.

Wenu mtiifu,

Mkazi wa Bugene, Karagwe